Miaka Mia ya Manx Grand Prix: Kanuni Iliyomlinda Mshindani wa Kawaida

Mwezi Agosti 2023, Kisiwa cha Man kiliadhimisha miaka mia moja tangu waridhaa waanze kushindana kwa pikipiki katika barabara zake za mlimani. Kisiwa hicho kiko katika Bahari ya Ireland, kati ya Uingereza na Ireland. Mashindano ya waridhaa hao, ambayo leo yanaitwa Manx Grand Prix, hayana umaarufu wa TT, mashindano makubwa yanayofanyika kwenye barabara hizo hizo miezi michache kabla. Hayana zawadi nono wala timu za viwanda. Lakini kwa karne nzima yamemtunzia nafasi mtu anayekwenda kazini siku zote za wiki, anayefungua na kufunga injini yake usiku kwa fedha ya mfukoni mwake, na ambaye mara moja kwa mwaka hutaka kujipima katika mojawapo ya barabara ngumu kuliko zote duniani.

Nafasi hiyo ililindwa na kanuni. Tangu siku ya kwanza waandaaji walilazimika kuamua nani anastahili kushiriki, na miaka mingi baadaye wakalazimika kuamua pia pikipiki gani inastahili. Baadhi ya maamuzi yao yaliwashinda kuyatekeleza, mengine yamedumu hadi leo. Anayetaka kuielewa taasisi hii na aanzie hapo.

Kisiwa chenye sheria zake

Mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya Uingereza ilizuia gari kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na haikutoa ruhusa ya kufunga barabara za umma kwa ajili ya mbio. Kisiwa cha Man kina bunge lake, Tynwald, na mwaka 1904 bunge hilo lilipitisha sheria iliyoruhusu barabara kufungwa ili magari yashindane. Pikipiki zilifuata. TT ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1907 kwenye njia fupi ya St John's, na kuanzia mwaka 1911 ikahamia kwenye njia ndefu ya Mlima Snaefell.

Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Ina urefu wa maili 37.73, sawa na kilomita 60.7, na kona zaidi ya 200. Inaanzia Douglas, inateremka Bray Hill katikati ya nyumba za watu, inapita vijijini hadi Ballacraine na Kirk Michael, inafika mji wa Ramsey kaskazini, kisha inapanda mlima hadi takribani mita 420 juu ya usawa wa bahari kabla ya kuporomoka tena kuelekea Douglas. Kandokando ya njia kuna kuta za mawe, nguzo na kuta za nyumba. Mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa kisiwa huku upande mwingine jua linawaka.

Klabu ya pikipiki ya kisiwa hicho, Manx Motor Cycle Club, ilianzishwa mwaka 1912. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwalea waridhaa.

Kanuni ya kwanza: kumpima mtu

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920, TT ilikuwa uwanja wa viwanda. Ushindi wake uliuza pikipiki, kwa hiyo makampuni yalileta mashine maalumu, mafundi wao na waendeshaji wa kulipwa. Mtu mwenye kipaji lakini asiye na kampuni nyuma yake hakuwa na nafasi ya maana. Ndipo wazo la mashindano ya waridhaa lilipopata nguvu: njia ile ile ya mlimani, katika majira ya vuli, kwa watu wasiolipwa na kiwanda chochote ili wakimbie.

Mashindano ya kwanza yalifanyika Septemba 1923. Yalikuwa ya mizunguko mitano, zaidi ya kilomita 300 za barabara iliyokuwa mbovu mahali pengi. Mshindi alikuwa Len Randles, aliyeendesha Sunbeam kwa wastani wa maili 52.77 kwa saa, karibu kilomita 85. Randles alishinda tena mwaka 1924, na mashindano yakapata jina kiasi cha kuvuta washiriki wapya kila mwaka.

Kanuni iliyowaleta pamoja ilikuwa na nia njema, lakini ilikuwa na kasoro iliyojitokeza mapema: ilimpima mtu kwa jambo lisiloonekana. Mkaguzi anaweza kuipima pistoni, lakini hawezi kuupima urafiki wa mtu na muuza pikipiki. Kama kiwanda kimempunguzia kijana bei ya pikipiki, je, bado ni mridhaa? Kama muuzaji amempa fundi wa kumsaidia, au kampuni ya oili imeahidi kumkumbuka akishinda, je? Na yule anayefanya kazi kwenye duka la pikipiki, anayegusa injini kila siku kwa mshahara, tumweke upande gani? Mwishoni mwa miaka ya 1920 ubishi wa namna hiyo ulikuwa umezidi, na tuhuma zilikuwa zikiwafuata hata washindi.

Mwaka 1930 waandaaji walifanya uamuzi wa busara. Waliiacha ile tafsiri kali ya uridhaa, wakaandika kanuni mpya, na wakayapa mashindano jina la Manx Grand Prix. Kuanzia hapo hawakuendelea kuchunguza mfuko wa mshindani. Waliangalia rekodi yake. Kwa miaka mingi msingi ukawa kwamba hapa ni mahali pa watu ambao bado hawajavuka kwenda kwenye mbio kubwa za kimataifa, na aliyekwisha kukimbia TT hakutarajiwa kurudi kuwanyang'anya vikombe wanaochipukia. Rekodi ya mbio imeandikwa, na kila mtu anaweza kuisoma. Huo ulikuwa ukuta imara zaidi.

Ngazi ya mabingwa

Matunda yalionekana haraka. Freddie Frith, mchonga mawe kutoka Grimsby, alishinda mbio za Junior, za daraja la cc 350, mwaka 1935, akachukuliwa na timu ya Norton, na mwaka uliofuata akashinda Junior TT. Mwaka 1949 alikuwa bingwa wa dunia wa kwanza kabisa wa daraja la cc 350. Mwaka huo huo Geoff Duke alishinda mbio za Senior za Manx, za daraja la cc 500, kisha akaja kutwaa ubingwa wa dunia mara sita. Phil Read alishinda Senior mwaka 1960, na mwisho wa safari yake alikuwa bingwa wa dunia mara saba.

Vita Kuu ya Pili ilizizima mbio kuanzia mwaka 1939. Ziliporudi mwaka 1946, nchi ilikuwa bado katika mgawo wa petroli na vipuri vilikuwa adimu. Mshindi wa Senior mwaka huo, mkulima wa Ireland aitwaye Ernie Lyons, aliendesha Triumph ambayo silinda zake za aluminiamu zilitokana na jenereta zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la anga. Mafanikio hayo yaliifanya Triumph itoe pikipiki ya mbio ya kuuzwa kwa umma, ikaiita Grand Prix.

Norton nayo iliuza pikipiki yake ya mbio kwa jina la Manx, lililotokana na mashindano haya. Ilikuwa na silinda moja, na ilipopata fremu iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, ikawa chombo ambacho mtu binafsi angeweza kununua na kuingia nacho mbio yoyote duniani bila aibu. Pamoja nayo kulikuwa na AJS 7R ya cc 350, iliyotoka mwaka 1948, na ndugu yake Matchless G50 ya cc 496. Kwa zaidi ya miaka 10 mstari wa kuanzia wa Manx Grand Prix ulijaa mashine hizi tatu.

Pikipiki zinapozeeka

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda viliacha kutengeneza mashine hizo. Sekta ya pikipiki ya Uingereza ilikuwa inadhoofika, na Wajapani walikuwa wamefika. Colin Seeley, mshindani na fundi, alinunua mwaka 1966 mali za idara ya mbio ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza AJS na Matchless, akaendelea kuunda G50 kwenye fremu zake mwenyewe. Hata hivyo mkondo ulikuwa umegeuka. Injini za Yamaha za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili na petroli, zilikuwa nyepesi, zenye nguvu na rahisi kwa mtu binafsi kuzimudu. Yamaha ilipoanza kuuza TZ250 na TZ350 mwaka 1973, mwenye Norton ya silinda moja hakuwa tena na tumaini la kushinda.

Mamia ya pikipiki nzuri zikawa hazina mahali pa kukimbilia. Kisheria hakuna aliyezifukuza, maana daraja la cc 500 lilikuwa wazi kwa kila pikipiki ya cc 500. Lakini kanuni inayopima ukubwa wa injini peke yake huwafungulia mlango wenye mashine mpya tu. Usawa wa karatasi ulikuwa umezaa ukosefu wa usawa barabarani. Vyama vya kuhifadhi pikipiki za zamani vilikuwepo Uingereza tangu miaka ya 1940, lakini kuhifadhi na kushindana ni mambo mawili. Pikipiki ya mbio iliyofungiwa kwenye jumba la makumbusho inaonyesha umbo lake tu. Sauti yake, tabia yake kwenye kona na ujuzi wa kuitunza hupotea pamoja na wazee walioijua.

Mwaka 1983

Mwaka 1983 Manx Grand Prix ilianzisha mbio za Classic, maalumu kwa pikipiki za zamani. Norton Manx, 7R, G50 na Seeley zikarudi kwenye barabara zilizozipa jina, zikiendeshwa na baadhi ya watu waliozikimbiza ujanani na wengine waliozijua kutoka kwenye picha za baba zao.

Wiki hiyo hiyo, katika mbio za wageni wa njia, yaani wanaoshindana hapo kwa mara ya kwanza, ambazo zilikuwa zimeanzishwa mwaka 1978, walimaliza kwa kufuatana vijana watatu wa cc 350: Robert Dunlop wa kwanza, Steve Hislop wa pili, Ian Lougher wa tatu. Baadaye wote watatu waliishinda TT, Hislop mara 11 na Lougher mara 10. Taasisi iliyokuwa na umri wa miaka 60 iliweza, katika wiki moja, kuwakuza vijana na kuzirudishia heshima mashine za wazee wao. Sijui uthibitisho mwingine ulio wazi zaidi kwamba kanuni za kugawa madaraja, zikitungwa vizuri, huongeza nafasi za watu badala ya kuzipunguza.

Mwaka uliofuata TT nayo iliandaa mbio ya kihistoria, na Dave Roper akaishinda kwa Matchless G50. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda TT, miaka 77 tangu mbio hizo zianze, na alifanya hivyo juu ya pikipiki ambayo kiwanda chake kilikwisha kuiacha zaidi ya miaka 20 kabla.

Tarehe, ukubwa, usanifu

Kanuni ya Classic inasimama juu ya mambo matatu, na kila moja lina kazi yake.

La kwanza ni tarehe. Mpaka uliozoeleka katika mbio hizi ni mwisho wa mwaka 1972. Kwa tarehe hiyo moja, Yamaha TZ zote zinabaki nje, pamoja na maendeleo makubwa ya breki, tairi na fremu yaliyofuata. Mpaka huu unawaumiza walio karibu nao. Mwenye pikipiki ya 1973 atalalamika kwamba inafanana kabisa na ya 1972. Lakini mpaka wowote lazima ukate mahali, na faida yake ni kwamba hakuna wa kuubishia. Kalenda haina urafiki na mtu.

La pili ni ukubwa wa injini. Senior ni ya hadi cc 500, Junior ya hadi cc 350, na chini yake kuna daraja la cc 250. Hapa fundi mwenye mkono mwepesi na mfuko mdogo anapata tumaini, kwa sababu pikipiki ndogo inayotunza kasi kwenye kona huweza kuwa jirani na kubwa inayotegemea nguvu tu.

La tatu, na gumu kuliko yote, ni usanifu. Pikipiki haitakiwi tu kudai mwaka fulani wa kuzaliwa. Inatakiwa kuwa na maumbile ya mwaka huo. Fremu, foku za mbele, breki, kabureta na magurudumu viwe vya aina iliyotumika enzi hizo. Chukua breki za dramu, ambazo viatu vyake husukuma kutokea ndani ya kikombe cha gurudumu. Kwenye mteremko kutoka mlimani hadi Creg-ny-Baa, breki hizo hupata moto na kupungua nguvu, na mwendeshaji hulazimika kuzitunza, kushusha gia mapema na kuchagua mstari wake kwa akili. Mtu akiruhusiwa kufunga breki za diski za kisasa kwenye Norton ya 1962, hatakuwa ameboresha Norton tu. Atakuwa ameondoa ustadi ambao mbio hizi zimekusudia kuuhifadhi. Wakaguzi wanaokataa kifaa kidogo kilichotoka nje ya enzi yake wanailinda kazi ya kila mshindani aliyefuata kanuni.

Chuma kipya, umbo la zamani

Swali gumu limekuwa la nakala. Injini za asili zimechakaa, na chuma chenye umri wa miaka 60 kikikatika kwa kasi ya maili 120 kwa saa kinaua. Mafundi wa Uingereza na kwingineko wakaanza kutengeneza upya kila sehemu ya Norton Manx na G50, kwa michoro ile ile, hadi ikawezekana kuunda pikipiki nzima ambayo haina msumari hata mmoja wa enzi hizo. Nchini Italia, Paton inaunda pikipiki za silinda mbili kwa usanifu wake wa miaka ya 1960. Mwaka 2018 John McGuinness, aliyekuwa ameshinda TT mara 23 na aliyekuwa akirejea kutoka kwenye majeraha makubwa, alishinda mbio za Senior za pikipiki za zamani juu ya Paton.

Wapo wanaosema pikipiki ya namna hiyo si ya zamani. Hoja yao ina uzito, kwa sababu nakala bora ni ghali, na fedha ndiyo adui wa zamani wa mashindano haya. Hata hivyo naamini waandaaji walichagua sawa kuupima usanifu badala ya umri wa chuma. Kanuni ya kudai chuma cha asili ingefanya mambo mawili mabaya: ingehatarisha maisha ya waendeshaji, na ingewaachia mbio wale wachache wenye uwezo wa kununua mashine adimu. Nakala salama inayofuata michoro ya zamani inamfundisha kijana yale yale aliyofundishwa babu yake. Kinachotakiwa ni ukaguzi mkali, ili jina la nakala lisigeuke kichaka cha kuficha teknolojia mpya.

Milango mingine iliyofunguka

Mwaka 1989 Gloria Clark alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki Manx Grand Prix. Miaka 20 baadaye, mwaka 2009, Carolynn Sells alishinda mbio za Ultra Lightweight akiwa juu ya Yamaha FZR ya cc 400, pikipiki ambayo kwa wakati huo haikuwa mpya tena. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda mbio yoyote kwenye njia ya mlimani kabla yake. Daraja dogo, lenye mashine za bei ya kawaida, ndilo lililobeba historia hiyo.

Katika kipindi hicho hicho pikipiki za baada ya 1972 nazo zilipata daraja lao, zikaokolewa kama zilivyookolewa za kabla yake. Mwaka 2013 mbio za pikipiki za zamani zilipewa bendera yao ya Classic TT, zikavuta majina makubwa na watazamaji wengi. Kuanzia mwaka 2022 zikarudi chini ya jina la Manx Grand Prix, nyumbani kwao.

Haitakuwa haki kuadhimisha bila kuwataja waliokufa. Njia ya mlimani imechukua maisha ya waendeshaji zaidi ya 250 katika mashindano yote yaliyofanyika juu yake, na wengi wao walikuwa waridhaa waliokuja kwa gharama zao. Kanuni haziwezi kuiondoa hatari hiyo. Zinaweza tu kuhakikisha kwamba anayeingia ameijua njia, na chombo chake kimekaguliwa.

Somo kwa wengine

Kenya ina East African Safari Classic Rally, iliyoanza mwaka 2003, ambako magari ya enzi za Safari ya zamani yanarudi kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Huko nako umri wa chombo ndio kigezo cha kuingia. Yeyote katika eneo letu anayefikiria kuanzisha mashindano ya pikipiki za zamani, na mashine zipo, mafundi wapo, ana mengi ya kujifunza kwa Manx Motor Cycle Club. Asianze kwa kutafuta wadhamini. Aanze kwa kuandika kanuni ambayo fundi yeyote anaweza kuisoma, mkaguzi yeyote anaweza kuipima, na tajiri yeyote hawezi kuinunua. Aweke tarehe, aweke ukubwa wa injini, aseme wazi sehemu zipi zinakubalika, kisha asimame juu ya maneno yake hata pale anayekataliwa ni rafiki.

Kanuni ya 1923 iliuliza moyo na mfuko wa mtu vina nini, na ilishindwa kwa sababu hakuna mkaguzi wa mambo hayo. Ile ya 1930 iliangalia rekodi, na ya 1983 ikaangalia pikipiki. Zote mbili zilidumu kwa sababu zilipima kinachoonekana. Manx Grand Prix imevuka miaka mia kwa sababu ilijifunza tofauti hiyo mapema, na wapenda pikipiki wa dunia nzima wana deni la kuishukuru.